Sentimita Sitini

Kuna wazazi wanaoliogopa chozi la mtoto kuliko moto wa nyumba. Mtoto akikunja uso, mambo yote yanasimama. Akikaribia kutoa machozi, ukweli unasukumwa uvunguni haraka mpaka anyamaze. Wenyewe wanaiita huruma. Si huruma hata kidogo. Ni woga uliovaa nguo za huruma, na ubaya wake ni kwamba chozi unalomwepushia mtoto leo haliendi popote, bali linatangulia mbele ya safari na kukungoja wewe mwenyewe. Waliotutangulia waliliona hili wakalifunga katika maneno matano, nasi tutayafikia. Kwanza tuanze na ukuta.

Ukuta wenyewe ulijengwa na fundi wa vigae, mtu mfupi mwenye magoti yaliyosuguka kwa kazi na ulimi usiojua kupamba maneno. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, aliyejiunga na klabu ya kuogelea akiwa na miaka saba, mwembamba hivi kwamba kofia ya mpira ilimteleza mpaka machoni. Wenzake walimbandika jina la Dagaa. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili na jina lilikuwa limemganda. Aliogelea mtindo wa mgongo, uso juu, na baba yake hakuwahi kuelewa mtu anawezaje kukimbilia mahali asipopaona.

Klabu ilikuwa na bwawa moja la mita ishirini na tano, njia sita, na harufu ya klorini iliyomfuata mtu mpaka kitandani. Wazazi ndio waliokuwa nguzo zake. Wengine walishika saa siku za mashindano, wengine walimenya machungwa, na wengine kazi yao ilikuwa kupiga kelele ukingoni, nayo waliifanya kwa uaminifu mkubwa. Juu yao wote alikuwa mwenyekiti wa kamati, daktari wa meno ambaye kila mtu alimwita Mama Mota kwa sababu ya mwanawe, kijana wa miaka kumi na minne aliyepiga maji kwa miguu kama mashine. Mama Mota alizoea kuongea siku nzima na watu waliofungua vinywa wasioweza kumjibu, na mazoea hayo alikuja nayo kwenye vikao.

Mwaka huo kuta mbili za mwisho wa bwawa, zile ambazo waogeleaji hugeukia, zilianza kuvuja. Fundi alizigonga kwa mpini wa mwiko, akasikiliza, akasema zinatakiwa kuvunjwa zote na kujengwa upya. Hiyo ilimaanisha kufunga bwawa msimu mzima. Kamati haikutaka. Ikaamua ijengwe kuta nyingine mbili mbele ya zile mbovu, kila moja upande wake, maji yarudi baada ya wiki tano.

"Sikilizeni," fundi aliwaambia, ameshika tepu yake ya chuma mkononi. "Zege, plasta, gundi na kigae, ni sentimita thelathini. Pande mbili, sitini. Hili bwawa halitakuwa la mita ishirini na tano tena."

"Fundi, wewe jenga," Mama Mota alijibu. "Hayo ya vipimo tutayaandika ubaoni, na wakubwa wa mchezo tutawaarifu. Hilo ni letu."

Fundi akajenga. Alijenga kwa timazi na pimamaji, na hakuna aliyeona kigae kilichopinda hata unywele. Dagaa alikuja kila siku baada ya shule akaketi kwenye ngazi ya bwawa tupu, miguu ikining'inia, akimtazama baba yake anavyopanga mstari mmoja wa vigae vya buluu baada ya mwingine. Siku ya mwisho aliomba kigae kimoja kilichobaki. Alikifunga kwenye soksi ya zamani akakitia ndani ya begi lake la kuogelea, na tangu siku hiyo hakwenda mazoezini bila hicho.

Maji yalirudi. Ubaoni hakikuandikwa kitu, na wakubwa wa mchezo hawakuarifiwa neno. Wiki ya kwanza watu walisahau, na wiki ya pili walikuwa na shughuli. Wiki ya tatu rekodi za klabu zikaanza kuanguka, na tangu hapo hapakuwa tena na mtu mwenye haja ya kukumbuka.

Zilianguka mfululizo. Mota alivunja yake, pacha wawili wa mwanasheria wakavunja zao, hata kijana mmoja mvivu aliyekuwa akijulikana kwa kusimama katikati ya njia kurekebisha miwani naye akavunja ya kaka yake. Kocha aliitikisa saa yake, akaiweka sikioni, kisha akaamua kwamba ni yale mazoezi yake mapya ya miguu. Wazazi walimpongeza kocha, kocha akawapongeza watoto, na watoto wakajitazama kwenye vioo vya chumba cha kubadilishia nguo kana kwamba wameota mapezi.

Dagaa, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa amekwama kwenye dakika moja na sekunde ishirini na moja katika mita mia, aligusa ukuta kwa dakika moja na sekunde kumi na tisa. Muda wa kufuzu kwenda mashindano ya kanda ulikuwa dakika moja na ishirini. Alirudi nyumbani nywele zikimdondoka maji, hakuvua hata viatu, akachukua chaki ya mama yake ya kuandikia bei saluni, akaandika muda ule kwenye mlango wa kabati, tarakimu kubwa kama za saa ya mnarani.

"Ni ukuta wako, Baba," alisema. "Una bahati."

Fundi alicheka, lakini si kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa vipimo, na kichwa chake kilikuwa kimeshaanza kupiga hesabu bila ruhusa. Mita mia ni kwenda na kurudi mara mbili, yaani marefu manne. Sentimita sitini mara nne ni mita mbili na arobaini. Kwa kasi ya Dagaa, hizo ni sekunde mbili kasoro kidogo. Kwa maneno mengine, mtoto wake hakuwa ameongeza kasi hata kidogo. Bwawa ndilo lililokuwa limepungua.

Jumamosi asubuhi alikwenda na tepu yake. Mtunza bwawa alimshikia ncha ya pili, wakapima mara tatu: mita ishirini na nne na sentimita arobaini. Kisha mtunza bwawa akamwonyesha ndoo iliyojaa vile viboya vyekundu na vyeupe vinavyovalishwa kwenye kamba za njia.

"Kamba zilikuwa ndefu baada ya ujenzi," alieleza. "Nikaambiwa nipunguze viboya sita kila kamba. Bendera za juu nikaambiwa niziache zilipo. Mimi naambiwa, siulizi."

Zile bendera ni kitu kidogo, lakini mwogeleaji wa mgongo anaishi kwa hizo. Hutundikwa kwenye kamba juu ya maji, mita tano kabla ya ukuta. Anayeogelea uso juu haoni ukuta. Anaona bendera, kisha anahesabu mapigo ya mikono, na hesabu ikitimia anajigeuza tumbo na kupinduka bila kutazama, akijua miguu itakuta ukuta. Sasa ukuta ulikuwa umesogea mbele na bendera zimebaki. Watoto walikuwa wamejifunza hesabu ya uongo, na wameijifunza vizuri.

Fundi akaitisha kikao mchana uleule, katika chumba cha juu ya vyumba vya kubadilishia nguo. Walikuja wazazi kumi na mmoja na kocha. Alisimama akasema yote, kuanzia zege hadi viboya, na alipomaliza alitegemea kusikia mtu akisema basi tuwaambie watoto, basi tuwaandikie wakubwa. Badala yake alisikia viti vikilia.

"Sawa, Baba Dagaa, tumekusikia," Mama Mota alianza kwa sauti yake ya kliniki. "Lakini hebu tuwafikirie watoto. Hawa wamefurahi kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu. Mota sasa anaamka mwenyewe saa kumi na moja alfajiri. Unataka niende nimwambie nini? Kwamba rekodi yake ni vigae?"

"Mwambie kweli."

"Atalia."

"Alie."

"Wewe una moyo mgumu," alisema baba wa pacha, ambaye kazini kwake hulipwa kutafuta kweli. "Kwani tumeiba? Ni sentimita tu. Wakifika mashindanoni furaha yao itawabeba. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Furaha haibebi mtu mita mbili na nusu," fundi alijibu. "Kocha, wewe ndiye unayeweka sahihi kwenye fomu za kufuzu. Sema."

Kocha alikuwa akizungusha kamba ya saa kwenye kidole chake. Alisema kwamba kisaikolojia, mtoto anayejiamini huogelea vizuri zaidi. Akaishia hapo.

"Baba Dagaa, tafadhali usitutilie mchanga kitumbua chetu," Mama Mota alimalizia. "Na hata wako amefuzu. Au hutaki aende? Wanaoona tuwaache watoto na furaha yao, mikono juu."

Mikono kumi na mmoja ilipanda. Kumi na mmoja, watu wazima, wenye vyeti ukutani, waliokuwa tayari kumpigia mwamuzi kelele kwa mtoto wa jirani kuanza kabla ya filimbi. Fundi aliitazama mikono ile, misafi, isiyo na sugu. Kumwambia mtoto uongo kwa sababu unampenda, kisha kumpeleka mbele ya umati akauvue uongo huo mwenyewe, mwili ukiwa umelowa, hilo wanaliita mapenzi.

"Bwawa la kanda halitamwonea huruma mtu," alisema, akaikunja tepu yake na kutoka. Mlango aliubamiza makusudi.

Hapa ingefaa kusema kwamba fundi alikwenda moja kwa moja nyumbani akamweleza binti yake. Msomaji mwenye watoto ameshajua kwamba hakufanya hivyo.

Alimweleza mkewe, tena kwa kelele, akizunguka jikoni huku akihesabu makosa ya kila mjumbe. Mkewe, ambaye alikuwa msusi na aliyezoea kusikiliza watu wakilalamika huku mikono yake ikiendelea na kazi, alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kukata vitunguu.

"Umewaambia watu wazima kumi na wawili," alisema. "Yule mmoja mwenye haki ya kujua, je?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Kesho. Leo amechoka."

"Mimi naweza kumwambia sasa hivi. Lakini akisikia kwangu itakuwa umbea. Ukuta umeujenga wewe, Baba Dagaa, maneno yake ni yako."

Kesho ilifika, na Dagaa alikuwa na mtihani wa shule. Keshokutwa alikuwa na mafua. Wiki iliyofuata fundi alisimama mlangoni mwa chumba chake na maneno yakiwa yamepangwa vizuri mdomoni, akamkuta anashona beji ya klabu kwenye koti lake, ulimi umetoka pembeni kwa umakini, na nyuma yake zile tarakimu za chaki kwenye mlango wa kabati. Akamwuliza kama ameona kisu cha kukatia vigae. Dagaa akasema hajakiona. Akaondoka.

Mwezi mzima ulipita hivyo. Mwezi mzima fundi aliwaka kama jiko, akiwalaani wana kamati kwa kila aliyekuwa tayari kusikiliza: mwuza saruji, dereva wa lori, mteja mmoja aliyetaka tu kujua bafu lake litakwisha lini. Aliwaita waoga, aliwaita wanafiki. Kuwakasirikia wengine ni kutamu, na utamu wake mkubwa ni kwamba kunamzuia mtu kujitazama. Nyani haoni kundule, na fundi wetu, kwa mwezi ule, alikuwa hajawahi kuona la kwake hata kwa mbali.

Siku ya mashindano ikafika. Bwawa la kanda lilikuwa jipya, lenye paa la vioo na mabamba ya umeme kwenye kuta, ambayo yakiguswa tu saa inasimama yenyewe, bila kidole cha mzazi. Muda wa kila mtoto uliwaka kwenye ubao mkubwa mbele ya watu mia tano. Asubuhi watoto waliruhusiwa kupasha mwili moto, wakaingia kwa makundi, wakisongamana kama maharage chunguni.

Fundi alikuwa amesimama kwenye uzio wa chuma wakati Dagaa alipomjia, taulo begani, midomo ikitetemeka kwa baridi.

"Baba, kuna kitu."

"Kitu gani?"

"Bendera za hapa ziko mbali na ukuta. Nimehesabu tano kama nyumbani, nikapinduka, mguu haukufika. Nimejaribu mara mbili tu, njia zimejaa. Kocha kasema ni woga wa mashindano." Alijipangusa pua. "Lakini wewe ni mtu wa vipimo. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Ukweli ulikuwa pale, mfupi kama sentensi mbili: hesabu sita, mwanangu, bwawa la nyumbani ni fupi. Ungemchukua nusu dakika. Fundi aliufungua mdomo. Akayaona yale macho makubwa chini ya kofia, akafikiria yakijaa maji hapa, mbele ya watu, saa moja kabla ya mbio zake, na moyo ukamnywea.

"Ni woga tu, mwanangu," alisema. "Hesabu yako ni ileile. Iamini."

"Tano?"

"Tano."

Dagaa alitikisa kichwa kukubali, akaenda. Alikuwa akimwamini baba yake kuliko miguu yake mwenyewe.

Mota aliogelea kabla yake. Kwa muda wake wa kufuzu walimpanga njia ya katikati, pamoja na vijana wenye kasi, na kwa urefu wa kwanza alikwenda nao bega kwa bega. Baada ya hapo wenzake walimwacha, na hapakuwa na jeraha wala kosa la kusingizia. Alifika wa mwisho, akatazama ubao, akaona muda wake wa mwaka jana umemrudia. Aling'ang'ania kamba ya njia asitake kutoka majini. Jukwaani Mama Mota alisema kwa sauti kwamba saa zimeharibika. Wakafuata pacha, na saa zikawa bado zimeharibika.

Kisha wakaitwa wasichana wa mgongo, mita mia. Dagaa alikuwa njia ya tano. Alijisukuma vizuri kutoka ukutani, mwanzo safi kuliko wote, na fundi akajikuta amesimama. Alifika kwenye bendera za mwisho wa bwawa akiwa wa tatu. Kutoka jukwaani fundi alihesabu naye, midomo ikicheza: moja, mbili, tatu, nne, tano.

Dagaa akajigeuza, akapinduka, akasukuma kwa miguu yote miwili, na nyuma yake hapakuwa na kitu. Miguu ilipiga maji matupu, kama mtu anayeshuka ngazi akidhani kimebaki kidato kimoja. Mwili mzima ulisimama. Kwa muda alikuwa pale katikati ya njia, hajagusa ukuta, hajui ulipo, wenzake wote wakimpita. Mwamuzi wa pembeni aliinua mkono: hakugusa, ameondolewa.

Lakini Dagaa hakutoka majini. Alijilaza mgongo, akaendelea, peke yake nyuma ya wote. Kwenye bendera zilizofuata alihesabu sita, miguu ikakuta ukuta. Kwenye zilizofuata akahesabu sita tena. Mtoto wa miaka kumi na miwili alisahihisha ndani ya maji, kwa pumzi moja, jambo ambalo watu wazima kumi na watatu walikuwa wameshindwa kulisahihisha kwa mwezi mzima kwenye viti vikavu.

Fundi alipofika chini, Mama Mota alikuwa ameshafika meza ya waamuzi, kocha na wazazi wengine nyuma yake.

"Bwawa lenu ni refu," alikuwa akisema, kidole juu. "Watoto wetu wote, kila mmoja, wameongeza sekunde. Na huyu mtoto amekosa ukuta kabisa. Nataka bwawa hili lipimwe sasa hivi. Kuna watoto wanalia hapa."

Mwamuzi mkuu, mwanamke mkavu aliyevaa kofia nyeupe, hakubishana. Alimwita msaidizi, akaja na kifaa cha mwanga, wakapima mbele ya kila mtu. Ishirini na tano na unywele. Wakapima njia nyingine, ikawa hivyohivyo.

"La kwetu limepimwa," mwamuzi alisema. "La kwenu lilipimwa lini?"

Mama Mota alibaki amefungua kinywa, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyekuwa hana jibu. Baba wa pacha alisoma kwa makini ratiba aliyoishika juu chini. Kocha alitazama viatu vyake. Kisha mmoja baada ya mwingine waligeuka kumtazama fundi, kwa macho ya watu wanaoomba kombe libaki limefunikwa.

Dagaa alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, taulo mabegani, maji yakimchuruzika hadi miguuni. Alikuwa amesikia yote.

"Mita ishirini na nne na sentimita arobaini," fundi alisema. "Nimelipima mara tatu. Kuta nimezijenga mimi."

Mwamuzi aliichukua orodha ya klabu yao, akaweka rula, akapiga mstari mwekundu kuanzia jina la kwanza hadi la mwisho. Wazazi walianza kusema wote kwa pamoja, kila mmoja akimlaumu mwenzake. Fundi hakuwasikia. Binti yake alikuwa akimtazama.

"Baba, tano ilikuwa sahihi?"

"Kwetu ilikuwa sahihi, mwanangu. Ukuta ndio haukuwa sahihi."

"Ulijua lini?"

"Kabla sijaujenga."

"Na ule muda wangu ulioko kabatini?"

"Nilijua."

"Na asubuhi, nilipokuja kukuuliza?"

Fundi alitafuta pa kuweka macho. "Nilijua," alisema.

"Kwa nini hukuniambia?"

Alikuwa na sababu nyingi, mwezi mzima alikuwa amezikusanya, mtihani, mafua, kamati. Zote zilipukutika, ikabaki moja.

"Niliogopa utalia."

Dagaa alilifikiria jibu hilo kwa makini, kama alivyofikiria kila kitu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa klorini, lakini yalikuwa makavu.

"Ningelia," alisema. "Ningelia siku moja. Halafu ningehesabu sita."

Akainama, akafungua begi lake, akatoa ile soksi ya zamani. Alikitoa kigae cha buluu, akakiweka taratibu kwenye benchi karibu na mkono wa baba yake, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Kisha akaenda kule ukingoni alipokuwa Mota, ambaye bado alikuwa ameficha uso kwenye magoti, akaketi kando yake na kumgawia nusu ya taulo.

Fundi wa vigae alibaki kwenye benchi. Alikichukua kile kigae, akakipitishia kidole pembeni. Kilikuwa kimenyooka, hakina dosari, kama kuta alizozijenga kwa mkono wake mwenyewe. Hapo mabega yakaanza kumtikisika, na mbele ya watu mia tano, na waamuzi wao, na wale wazazi kumi na mmoja aliowaita waoga, mtu mzima yule alilia kwa sauti, asiweze kujizuia, huku binti yake akiwa amemgeuzia mgongo, macho makavu. Mchelea mwana kulia, hulia yeye.